Springi Niliyokataa Kuifunga

Nimefunga gereji yangu hapa Irving na kuwaachia nyinyi wanafunzi wangu wawili benchi, jiliwa ya kubania vyuma na tupa zote. Mmeniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye vitabu vya ufundi. Nitaandika, lakini msitarajie maneno matamu. Kazi ya kutengeneza bastola za kale ni kazi ya kushuku, na mimi nilikuwa na kipaji cha kushuku kabla hata sijaijua kazi yenyewe. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso.

Baba yangu alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani Tanga. Nilikulia chini ya meza yake, nikiokota skrubu zinazodondoka, na nilipokua nikawa nazichonga mwenyewe zile zisizopatikana dukani. Tulipohamia Texas, mume wangu Baba Zuhura akapata kazi uwanja wa ndege, nami nikaajiriwa kwenye karakana ndogo jirani na huko, tukitengeneza vipuri vya mikanda ya kubebea mizigo. Siku moja akaingia mzee mmoja wa Kimarekani mwenye kofia chafu, akataka achongewe pini nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Wenzangu walicheka. Mimi nikamchongea. Akaitazama kwa lenzi, akaipeleka dirishani, akaitazama tena, kisha akauliza ni nani aliyenisaidia. Huyo ndiye Mzee Harlan wa Mansfield, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa la kunishuku. Nikajua tutaelewana.

Alikuwa akitengeneza bastola za zamani, zile zenye silinda inayozunguka, ambazo viwanda vyake vingine vilikwisha kufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Kipuri kikivunjika huwezi kuagiza popote. Unakaa nyumbani, unachukua kipande cha chuma, unachonga chako. Alinikaribisha nijifunze siku za mapumziko.

Siku ya kwanza alinipa bastola, akaniambia haina kitu, yaani haina risasi, nifungue. Nikashika bisibisi. Akaninyang'anya ile bastola, akaifunika kwa kitambaa, akanionyesha mlango. Niliendesha gari kutoka Mansfield hadi Irving nikiwa nimevimba kwa hasira, nikimtukana kwa Kidigo ili hata redio isielewe. Juma lililofuata nikarudi. Akanipa bastola ileile, akaniambia haina kitu. Safari hii nikafungua kijilango cha pembeni, nikazungusha silinda, nikachungulia tundu moja baada ya jingine mpaka nikarudi nilikoanzia. Ndipo akanipa kiti. Mtu akikwambia haina kitu, mwambie asante, halafu tazama mwenyewe. Hata kama ni imamu. Hata kama ulikuwa umeitazama wewe mwenyewe dakika chache kabla, ukaenda kunywa maji.

Kwa miezi mingi aliendelea kunipima. Aliacha skrubu ya thamani chini ya benchi aone kama nitairudisha au nitaitia mfukoni. Niliirudisha, kisha na mimi nikaanza kujifanya nimesahau funguo zangu mezani kwake nione kama atazigusa. Hakuzigusa. Tulikuwa marafiki wa namna hiyo.

Alinifundisha mambo ambayo sikuyabadilisha hata baada ya yeye kufa. Kila kipuri unachochonga ukipige alama yako upande usioonekana, ili asije mtu akakiuza kama cha asili. Alama yangu ni mwezi mdogo, mnaijua. Wako wateja walionibembeleza nisiipige, hasa mfanyabiashara mmoja wa Dallas aliyekuwa akivaa pete kubwa na kunukia kama duka zima la manukato. Alisema alama inaharibu uzuri. Nikamuuliza uzuri gani unaokaa ndani mahali pasipoonekana. Hakurudi tena, nami sikumkumbuka. La pili, kipande kilichovunjika ni mali ya mwenyewe. Unamrudishia mkononi hata kama ni takataka, ili ajue hukumbadilishia kitu. La tatu ndilo lililonitesa zaidi: usiifanyie kazi bastola ya mtu ambaye hujamwona akiifungua kwa mikono yake mwenyewe. Asitume mpwa, wala jirani, wala mke. Nilimuuliza sababu. Akaenda kukaza jiliwa ambayo haikuwa imelegea. Sikuuliza tena.

Hadithi za wateja nazo msizimeze. Kwa bastola nilizoletewa, kila babu wa Texas alikuwa ama polisi ama jambazi; inaelekea hakuna aliyelima. Mimi nilikuwa natazama chuma. Chuma hakijui kusifia ukoo. Kama mpini umelika upande mmoja, bastola ilikuwa ikipigilia misumari ya uzio, hata kama mjukuu anaapa ilipigana vita.

Nilipopata leseni yangu na kuhamishia kazi gerejini kwangu, maneno yalianza. Kwenye shughuli za Watanzania wenzangu nilipoulizwa nafanya nini nilijibu, "Vyuma." Wengine walidhani ni vya magari. Wengine wakanong'ona kwamba Mama Zuhura ana gereji isiyofunguliwa mlango na wanaume wa Kizungu wanaingia na vifurushi. Jirani yangu wa kushoto alianza kumwagilia maua kila mgeni anapokuja, hata mvua ikinyesha. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningemwagilia mimi pia.

Sasa nije kwenye ile kazi mnayoniuliza kila siku, ya mzee wa Houston.

Aliyeileta alikuwa Njeri, Mkenya anayeishi Alief, mtaa wa Houston, kazi yake kuuguza wazee majumbani mwao. Alikuwa amekuja Irving kwenye harusi, na rafiki yake wa kanisani akamwelekeza kwangu. Aliingia akiwa amevaa nguo za sherehe, mkononi kibebeo cha kuhifadhia vyakula vya baridi. Nikafikiri ameniletea samosa. Akatoa leso, ndani ya leso bastola ya zamani, nzito, iliyotunzwa vizuri.

"Usi-worry, Mama Zuhura, haina kitu," akasema.

Nikamwambia asante, nikafungua, nikazungusha, nikatazama. Kweli haikuwa na kitu. Nilisikitika kidogo, maana mimi hupenda kuwa sahihi.

Akaniambia ni ya mgonjwa wake, mzee anayeitwa Emmett, mjane, mapafu yamechoka, anapumua kwa msaada wa mpira wa hewa puani. Springi ya kusukuma nyundo, kile kidude kinachogonga risasi, ilikuwa imekatika. Mzee alimwomba aitafutie fundi, akamsihi sana. Nilimuuliza kama kampuni yake inamruhusu kubeba mali ya mgonjwa, tena mali ya namna hii. Akatazama viatu vyake.

"Nilijua haifai," akasema. "Lakini alinishika mkono na mikono yake yote miwili. Sasa mzee akikushika hivyo, akiwa kitandani, utamwambia nini? Kwetu hatukatalii mgonjwa."

Kwetu pia, nikamwambia. Na ni kweli. Sisi tukishikwa mkono na mgonjwa tunabeba chochote, hata kiwe mzigo wa nani. Mmarekani angesema hapana, akaandika kwenye simu yake, akaendelea na kazi. Njeri alisema ndiyo, akafunga kwenye leso.

Kwanza nilimshuku yeye. Niliwaza huenda ameiiba, anatafuta itengenezwe aiuze. Nikamwambia aniachie, na alipoondoka nikapiga namba aliyonipa. Akapokea mzee, sauti imekwama kwa kukosa pumzi lakini yenye uchangamfu. Akathibitisha ni yake, alirithi kwa baba yake, na kwamba Njeri ni mtoto mzuri asilaumiwe. Kisha akauliza kama itakuwa tayari Ijumaa. Nikamwambia kazi ya springi haiharakishwi. Akasema angependa iwe imefika kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili binti yake anarudi kutoka safari.

Nilikata simu nikabaki nimesimama. Kama ni zawadi ya kumshangaza binti, mtu husema zawadi. Huyu alisema kabla hajarudi.

Nikaitoa ile springi iliyokatika, nikaiweka chini ya lenzi. Chuma kilichokatika karibuni hung'aa pale kilipokatikia. Hiki kilikuwa na kutu ya kahawia ndani kabisa ya mkato, kutu ya miaka. Kwa hiyo bastola ilikuwa mbovu tangu zamani, imelala kwenye kabati la mzee huyu akiwa mzima, akiwa na mke, akiwa na pumzi, na hakuwahi kuona haja ya kuitengeneza. Kwa nini sasa?

Nilimweleza Baba Zuhura tukiwa tunakula. Akasema mimi nashuku hata mchele kama umeiva. Binti yetu Zuhura, aliyekuwa amekuja kututembelea, akasema bila kuinua macho kwenye simu, "Mom, just ask the man," yaani nimuulize tu mzee mwenyewe. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli kwa maneno machache kuliko yangu.

Springi niliichonga. Msiniulize kwa nini, maana nilikwisha kushuku. Mikono ina ukaidi wake. Nilikata kipande cha chuma cha pua, nikakipiga tupa kwa siku nzima, nikakipa moto na kukipoza, nikakikunja polepole nikisikiliza kama kitalalamika. Hakikulalamika. Nilipiga mwezi wangu mdogo upande wa chini. Nawaambia kwa moyo mweupe, ni kipuri kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na nilikuwa nakichukia.

Kisha nikashika njia ya Houston. Bastola niliifungia kwenye buti la gari, springi nikaifunga kwenye kitambaa nikaitia kifuani. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba nakwenda kwa sababu ya kanuni ya Mzee Harlan, kwamba lazima nimwone mwenye mali akiifungua. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa. Nilimwogopea mzee nisiyemjua, na nilimwogopea Njeri, ambaye angekuwa ndiye aliyeibeba.

Nyumba ya mzee haikuwa mbali na Alief, nyumba ya matofali yenye nyasi zilizoungua kwa jua. Njeri alinifungulia na kuweka chai, chai ya maziwa ya kwao, ambayo mzee alikuwa amekwisha kuizoea. Bwana Emmett alikuwa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha. Kumbe alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba maisha yake yote. Nilipomwonyesha springi aliigeuza vidoleni, akaukuta mwezi wangu kwa ukucha kabla hajauona kwa macho, akatabasamu. Nikampenda papo hapo, jambo lililofanya kazi yangu kuwa ngumu zaidi.

Nikampa bastola nikamwomba aifungue. Mikono yake ilijua njia. Akazungusha silinda, akatazama kila tundu taratibu sana. Mimi nimewaona watu wengi wakitazama matundu yale. Wote hutazama ili wahakikishe hamna kitu. Yeye alitazama kama mtu anayepima kiatu dukani.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Bwana Emmett," nikamuuliza, "unataka kujiua?"

Njeri alikuwa anakuja na birika. Akasimama palepale mlangoni.

Mzee alikuwa hajakasirika bado. Alisema kwa upole kwamba hilo si swali la fundi. Nikamwambia kwangu ndilo swali la kwanza kabla sijafunga springi. Aligeukia dirisha, mashine yake ya hewa ikihema kwa niaba yake.

"Nimechoka," akasema. "Sitaki binti yangu anione nikiisha kidogo kidogo."

Njeri aliweka birika chini, sakafuni, akaja kupiga magoti kando ya kiti chake. Kiingereza chake chote kilimtoka, na maneno yake yakachanganyika na Kiswahili ambacho mzee hakukijua. Alimwambia yeye ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyemkata kucha, na kwamba yeye ndiye aliyebeba ile bastola kwenye leso ya mama yake. "Ningekuwa mimi ndio nimekuletea," akasema. "Ungeniachia hiyo nibebe mpaka lini?"

Nadhani hilo mzee hakuwa amelifikiria. Alikuwa amemfikiria binti yake, amefikiria pumzi zake, lakini huyu mtoto wa watu aliyesema ndiyo kwa sababu ameshikwa mkono hakuwamo kwenye hesabu. Aliuweka mkono wake kichwani pa Njeri, akalia kama wanavyolia watu wasio na pumzi ya kulilia. Na mimi nililia, ingawa sikuwa nimepanga.

Nilipotulia nikampigia simu binti yake, mbele yake, sikujificha. Jina lake Carol. Nikamweleza yote. Njeri akampigia daktari. Carol aliniomba niitoe bastola nyumbani siku ileile, nami nilikuwa nimekwisha kuishika. Hapo ndipo mzee alipokasirika. Aliniita mwizi, akaniita mchawi, akasema amewahi kukutana na nyoka wenye adabu kuliko mimi. Niliifurahia hasira yake. Kabla ya hapo alikuwa mchangamfu mno.

Nikaichukua springi kutoka kwenye kiganja chake nikairudisha kifuani. Kisha nikatoa ile ya zamani iliyokatika, nikamwekea mkononi, kwa sababu kipande kilichovunjika ni mali ya mwenyewe. Akaniuliza afanye nacho nini. Nikamwambia sijui, mimi nafuata kanuni tu.

Carol alirudi usiku uleule badala ya kungoja Jumapili. Njeri alikuwa na hakika atafukuzwa kazi. Kampuni yake ilimwita na kumkaripia sana, na nilidhani yamekwisha, lakini Carol alikwenda kuwaambia kwamba hataki muuguzi mwingine. Wakamwacha kazini. Daktari akambadilishia mzee dawa, akaja na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Mzee alimchukia mtu huyo mwanzoni, baadaye akawa anamsubiri.

Mimi naye tukawa na mazoea ya ajabu. Kila Jumapili mchana alinipigia simu. Alianza kwa kunitukana, kisha akauliza natengeneza nini. Nikimweleza alinikosoa. Alidai kwamba napoza chuma upesi mno, na mara moja alikuwa sahihi, jambo ambalo sikumwambia. Kila mara kabla ya kukata alinikumbusha kwamba nina mali yake. Na kila mara nilimjibu kwamba ipo, imefungiwa, na ufunguo uko shingoni mwangu. Wakati mwingine nilishuku kwamba anapiga ili kupima kama nimelegea. Wakati mwingine nilishuku kwamba anapiga kwa sababu alikuwa mpweke. Sikuuliza, na sikulegea.

Alivuka majira ya baridi, akavuka na joto lililofuata, na katikati ya baridi nyingine mapafu yakakataa. Njeri aliniambia kwamba alikuwa amemshika mkono upande mmoja na Carol upande wa pili. Alikwisha kidogo kidogo, kama alivyoogopa, na binti yake alimwona, na hakuondoka.

Baada ya mazishi Carol alikuja Irving. Aliketi kwenye hicho kiti mnachokalia, akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na ile springi iliyokatika, imeng'aa kwa kushikwashikwa. Kumbe mzee alikuwa akikaa nayo mfukoni.

"Baba alisema hiki nikuletee wewe," akasema. "Alisema, 'Mwambie aifunge ile nzima nikishaondoka. Kabla ya hapo hatakubali, na asikubali.'"

Nilivua ufunguo shingoni nikafungua kabati. Bastola ile ilikuwa mikononi mwangu tangu siku ya Houston, hakuna aliyeigusa, na kabati halina ufunguo mwingine. Hata hivyo nilifungua kijilango, nikazungusha silinda, nikatazama tundu moja baada ya jingine mpaka nikarudi nilikoanzia.

Kisha nikaifunga springi. Iliingia bila kusukumwa. Nilivuta nyundo nyuma, nikaishikilia kwa kidole gumba, nikairudisha chini polepole, nikampa. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya. Baada ya hapo niliwapigia simu nyinyi mje mchukue vifaa.

Benchi ni lenu. Tupa yenye mpini wa mti ilikuwa ya Mzee Harlan, msiiweke mahali penye unyevu. Mtu akitumwa na mwenzake, mrudisheni na mumwite mwenyewe, hata akiwa anaishi mbali. Mkiona haraka, ulizeni sababu, na mkiwa na swali la kuuliza, ulizeni waziwazi, msizunguke. Kwenye droo ya chini mtakuta kikopo cha kahawa chenye skrubu mbovu. Zote tupeni, ila kipande kimoja cha springi iliyokatika, kinachong'aa. Hicho ni changu, nitapita kukichukua.